Chafya ya Kimaiyo

Swali lenyewe Chepkemoi hakulitunga. Alipewa chuoni Bungoma, yeye na wenzake wa mwaka wa kwanza waliojaa ukumbini hadi wengine wakakalia madirisha, na akalileta nyumbani kwao, kijiji cha Kwanza, kwenye mapumziko ya katikati ya muhula kama mtu anavyoleta mkate. Mwalimu wao wa falsafa alikuwa amewaambia: nendeni kwenu, tafuteni jambo moja ambalo kila mtu pale analiamini, kisha mwulizeni mkubwa wenu, kwa heshima, amejuaje.

Kazi rahisi. Wengine waliuliza habari za mvua, wengine habari za mbinguni. Chepkemoi, ambaye Mungu alimjalia kichwa chepesi na mdomo mwepesi zaidi, aliuliza habari za baba yake.

Ilikuwa Jumatano alasiri. Gogo, bibi yake, alikuwa amekaa kwenye gunia akipukuchua mahindi. Kimaiyo, baba mtu, alikuwa na kikombe cha chai mkononi na moyo umetulia, maana Jumamosi ndiyo siku ambayo angegawa shamba la marehemu baba yake mbele ya ukoo mzima, na hakuna ndugu aliyepinga kwamba mgawaji awe yeye. Wangepinga vipi? Kimaiyo alikuwa Kigen.

Hapo msomaji asiye wa huko inabidi aelezwe. Kwa watu wa Kimaiyo, mtoto akizaliwa, wanawake wakubwa humzunguka, humsogezea ugoro kidogo puani, na kuanza kuita majina ya wazee waliokufa, moja baada ya jingine. Jina litakalomkuta akipiga chafya, basi mwenye jina hilo ndiye aliyerudi. Ni Wakristo, Jumapili hawakosi kanisani, lakini chafya ni chafya. Na Kimaiyo tangu utotoni aliambiwa kwamba alipiga chafya kwa jina la Kigen, baba ya babu yake, mzee aliyepatanisha watu mpaka maadui zake wakamlilia siku ya mazishi. Akiwa bado na suruali iliyotoboka magotini, wenzake walimletea kesi za gololi awaamulie. Alikua ndani ya jina hilo kama mtu anavyokua ndani ya koti la kurithi, mpaka likamtosha.

"Gogo," Chepkemoi akasema, kalamu iko tayari, "ulijuaje kwamba baba ni Kigen?"

"Si alipiga chafya."

"Na ulijuaje hiyo chafya ni ya Kigen? Si ni ugoro tu?"

"Wewe Chepkemoi, chunga hiyo mdomo," akasema Linah, mama yake, kutoka jikoni.

Kimaiyo alitabasamu. Alipenda kusikia hadithi hiyo. Gogo aliweka gunzi chini, akapangusa mikono kwenye leso, akatazama kidogo upande wa mlangoni.

"Hakupiga chafya kwa Kigen," akasema.

"Ati nini?" Kimaiyo akauliza.

"Tuliita Kigen, kimya. Tukaita ndugu zake, kimya. Majina yote mazuri yakaisha, ugoro ukakaribia kuisha, na wewe unatuangalia tu. Mama mkwe wangu akachoka. Akaita ile moja ilikuwa imebaki. Ukapiga chafya mpaka kamasi ikafika kwa shingo."

"Ile gani?"

"Chumo."

Jikoni kifuniko cha sufuria kilianguka na hakuna aliyekiokota. Chumo alikuwa ndugu wa Kigen, tumbo moja. Mwaka mmoja wa njaa kubwa alichimba shimo akaficha nafaka ya wimbi, na dada yake alipokuja na watoto kuomba, akamwambia, wewe umeolewa, rudi kwa mumeo. Dada alirudi. Watoto hawakufika wote. Tangu hapo hakuna mtoto wa ukoo huo aliyepewa jina la Chumo, na watu wakilitaja hushusha sauti.

"Tukaangaliana," Gogo aliendelea, "tukasema tuseme ni Kigen. Wenzangu wote walishaenda. Nimebaki mimi."

Kimaiyo alicheka. Alicheka peke yake, na mtu akicheka peke yake hugundua haraka. Aligeuka akamwona Jerop, dada yake mdogo, amesimama mlangoni na ungo. Jerop alikuwa amemwacha mume Kiminini, akarudi na watoto, na sasa alilala katika kijumba nyuma ya ghala. Alikuwa ameomba kipande cha shamba kando ya kijito, apande sukuma na viazi. Kimaiyo alimjibu "tutaona," neno ambalo katika boma lile maana yake ilikuwa hapana, na watu wakaridhika kwa kuwa aliyesema ni Kigen. Jerop alikuwa amesikia kila kitu. Alimtazama kaka yake moja kwa moja, na mtazamo huo ndio uliomchoma Kimaiyo kuliko maneno ya mama yake.

Mtu hawezi kumkasirikia mama yake mzazi, kwa hiyo humkasirikia mtoto. "Wewe," Kimaiyo akamwambia Chepkemoi, "hiyo shule imekwisha leo. Umesikia? Imekwisha."

*

Maneno hayalali. Asubuhi yake Kimaiyo alipeleka maziwa barabarani pale yanapokusanywa, akakuta watu wamejipanga na mitungi yao. Walimwamkia vizuri, vizuri kupita kiasi. Kisha kijana mmoja nyuma akapiga chafya. Si chafya ya mafua, ilikuwa ya kutengeneza, na watu wote wakaangalia chini kana kwamba wamepoteza kitu kwenye majani. Kimaiyo alimimina maziwa yake bila kuangalia, yakamwagika kwenye kiatu.

Noah, mdogo wake, alimfuata njiani. "Ndugu yangu, usikasirike. Lakini Jumamosi tufanye aje? Watu wanauliza."

"Wanauliza nini?"

"Si unajua. Ati mpaka ya shamba ikiwekwa na mtu kama huyo, italeta maneno mpaka kwa wajukuu. Tunaweza kuita mtu wa chifu atugawie. Hakuna ubaya."

"Noah. Mimi ni nani?"

Noah alikwaruza shingo. "Wewe ni ndugu yangu, bana," akasema, na hakuongeza jina lolote.

Usiku huo Kimaiyo aliamua. Mwalimu aliyelitupa hilo jiwe ndiye atakayeliokota. Ijumaa, mapumziko yakiwa yamekwisha, angekwenda Bungoma na Chepkemoi, amlete huyo mwalimu Kwanza Jumamosi, asimame mbele ya ukoo na kusema swali lake lilikuwa la makosa. Akisema hivyo, msichana angerudi chuoni. Akikataa, msichana angebaki nyumbani kulima.

"Na Gogo je?" Linah aliuliza. "Yeye atasema alikosea?"

"Mama ni mzee. Watasema amechanganyikiwa."

"Mama yako hajachanganyikiwa, Baba Chepkemoi. Hata wewe unajua."

*

Walipitia Kitale kwanza, kwa Yuvraj, Mhindi muuza vifaa vya ujenzi, kuagiza seng'enge ya kuzungushia mpaka. Yuvraj alizaliwa Kitale, na baba yake pia. Wateja wa Kwanza aliwajua kwa majina, na alipenda kuwaita kwa yale wanayoyapenda.

"Mzee Kigen. Karibu, karibu. Kesho ndiyo kesho?"

Kimaiyo aliangalia rafu ya misumari. Chepkemoi aliangalia viatu vyake. "Yuvraj," Kimaiyo akasema, "nimesikia ati kwenu pia watu wanarudi. Mtu akikufa."

"Wanarudi, ndiyo."

"Na mnajuaje ni nani amerudi?"

"Hatujui." Yuvraj aliendelea kupima waya. "Hakuna mtu anaambiwa alikuwa nani. Ingekuwa fujo, mzee. Fikiria mteja akuje hapa aniambie mimi ni babu yako, nipunguzie bei."

Siku nyingine Kimaiyo angecheka mpaka ashike mbavu. Siku hiyo aliona wivu. Aliwaonea wivu watu wanaorudi duniani bila barua ya utambulisho.

*

Dakta Gathoni, yule mwalimu wa falsafa, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sweta ya kijivu, na walimkuta mlangoni mwa ukumbi akiwa tayari kuingia. Chepkemoi alijaribu kueleza, akachanganya mwanzo na mwisho. Mwalimu alimtazama yule mzee aliyevaa koti la harusini na buti za shambani, akaona jambo si dogo.

"Mzee, kipindi kinaanza. Naomba ukae ndani, tukimaliza tutazungumza."

Nafasi ilikuwa moja tu, benchi la mbele kabisa. Kimaiyo akaketi pale, magoti yakigusa ubao, na mamia ya macho ya watoto wa watu yakimchoma kisogo. Nyuma yake alisikia mtu akinong'ona, "Niaje, huyu ni fresha wa wapi?" na kicheko kikapita kwa mzee kuitwa mwanafunzi mpya. 

"Tangu mwanzo wa muhula," Gathoni akaanza, "tumekuwa na maswali matatu. Kuna nini hasa duniani? Tunajuaje tunachojua? Na tuishi vipi? Leo tunaanza swali ambalo yote hayo yameliegemea. Mtu ni nani? Kitu gani kinamfanya awe yeye na si mwingine?" Akafuta vumbi la chaki mkononi. "Chukueni nyumba ya babu yenu. Ilikuwa ya nyasi. Nyasi ikatolewa, ikaja mabati. Udongo ukaporomoka, yakaja matofali. Mlango wenyewe ni mpya. Mbona bado mnaiita nyumba ya babu?"

"Ni ile ile, madam," akasema kijana mmoja wa hapo Bungoma, kwa lafudhi ya kwao. "Si watu bado wanarara hapo?"

"Imebaki jina tu," akasema msichana mwingine. "Jina si nyumba."

"Basi ukiliondoa jina," Gathoni akauliza, "kumebaki nini?"

Kimaiyo alijikuta amesimama. Hakukumbuka kuamua kusimama. "Mwalimu," akasema, "mimi ni baba ya Chepkemoi. Umetuharibia nyumba na hayo maswali yako."

 Gathoni aliweka chaki chini. Yeye mwenyewe alifundisha kwa mkataba wa kila muhula, na mkuu wake hakupenda kelele za wazazi. Angeweza kumwomba atoke. Badala yake akasema, "Tueleze, mzee."

Naye akaeleza. Hakutaka kueleza yote, lakini mdomo ukishafunguka mbele ya watu wengi ni kama mfuko wa mahindi uliotoboka. Alieleza chafya, Kigen, Chumo, chafya ya kutengeneza pale kwenye maziwa. Hakuna aliyecheka. Alipofika kwa Chumo na dada yake, alipita haraka, na Chepkemoi aliona alivyopita.

"Kwa hivyo kesho utakuja," akamaliza. "Utasema hiyo swali ilikuwa makosa."

"Mzee, nilikosea kutowaonya. Swali likiingia nyumbani linaweza kuumiza, na nilipaswa kuwaambia hivyo. Kwa hilo naomba msamaha, hapa mbele yao." Gathoni aliwatazama wanafunzi wake. "Lakini kusema swali ni la makosa, siwezi. Nikisema hivyo kesho kwenu, Jumatatu nitaingiaje humu?"

"Basi mtoto atabaki nyumbani."

"Ni mtoto wako. Naomba nikuulize moja tu, halafu ufanye unavyoona. Wewe umejuaje kwamba ni Chumo?"

"Mama amesema."

"Na zamani mama alisemaje?"

"Alisema Kigen."

"Mama yule yule?"

"Yule yule."

"Kwa hiyo amesema mara mbili, na mara moja kati ya hizo hakusema kweli. Umejuaje ni ipi?"

 Tangu Jumatano Kimaiyo alikuwa amehesabu kila njia ya kuanguka, lakini hii haikumpitia akilini, kwamba mama yake, mwanamke wa kanisa, angeweza kudanganya juzi. Na angedanganyia nini? Alimwona tena Jerop mlangoni na ungo wake. Alikumbuka pia kwamba Gogo alikuwa amekaa akitazama upande ule ule kabla ya kufungua mdomo. 

"Na kama ni kweli?" akauliza, sauti imeshuka. "Kama mimi ni huyo mtu?"

"Kesho ukisimama na panga pale shambani, atakayekuwa ameshika panga ni nani?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui," akasema Gathoni. "Nafundisha swali hilo kila mwaka, na sijui."

Kimaiyo alikaa. Alikaa mpaka kipindi kikaisha, wakatoka, na njia nzima ya kurudi hakumwambia binti yake neno, si la shule, si la kulima.

*

Jumamosi watu walikuja mapema kuliko walivyoalikwa, dalili kwamba hawakujia chai. Walisimama kwenye mabua ya shamba lililovunwa, wanaume mbele, wanawake kando. Jerop alikuwa nyuma kabisa na watoto wake. Gogo alibaki barazani kwenye gunia lake kwa sababu ya magoti.

Noah alikohoa. "Wazee, kabla hatujaanza, kuna maoni ati tuite mtu wa chifu."

"Maoni ni ya nani?" Kimaiyo akauliza.

Kila mtu akamwangalia jirani yake.

"Basi nisikizeni. Hiyo mmesikia, ni kweli mama amesema. Mimi sijui kama ni Kigen alirudi ama ni yule mwingine. Nimeenda mpaka Bungoma kuuliza, na huko pia hawajui." Mtu mmoja akacheka kidogo, akaacha. "Mkiona nimekata vibaya, niambieni hapo hapo. Msingoje mpaka nife."

Hakukuwa na aliyelitegemea hilo. Kimaiyo, katika maisha yake yote ya kuwa Kigen, hakuwahi kuwaambia watu wamsahihishe. Wakamfuata. Alikata mpaka wa Noah, akachomeka mche wa mkonge, Noah akatazama kulia na kushoto akitafuta kosa, hakuliona. Akakata wa ndugu wa tatu. Kikabaki kipande chake mwenyewe, kinachoshuka mpaka kijitoni.

Hapo akasimama. Panga lilikuwa zito kuliko lilivyokuwa asubuhi. Akitoa, watasema anaogopa jina. Akinyima, watasema jina ndilo lake. Njia zote mbili zilikuwa zimekaliwa na watu wenye maneno. Alitazama nyuma na kumwona Jerop amekwisha kugeuka aondoke na watoto wake, bila hasira, kama mtu aliyejua tangu mwanzo. Ndipo Kimaiyo akaona haya. Ilikuwa haya tupu, na haikuwa ya Kigen wala ya Chumo. Ilikuwa yake, maana ni yeye aliyesema "tutaona."

"Jerop," akaita. "Rudi hapa."

Akashuka mpaka kwenye mfereji uliokatiza kipande chake, akachomeka mche. "Kutoka hapa mpaka kwa maji ni ya Jerop. Inatoka kwangu, haijatoka kwa mtu mwingine."

"Lakini dada ameolewa," Noah akasema. "Si atarudi kwake?"

"Hata yule wa zamani aliambiwa ameolewa, arudi kwake," Kimaiyo akajibu. "Wewe unataka tumwambie tena?"

Noah akarudi nyuma kumpisha Jerop. Jerop alisimama kando ya mche wa mkonge, hakuugusa, ila mtoto wake mdogo aliusukuma kwa kidole kuona kama umeshika.

*

Watu walipokwisha kunywa chai na kuondoka, Kimaiyo alimkuta mama yake barazani, magunzi yamerundikana miguuni. Chepkemoi alikuwa kando yake na karatasi zake.

"Mama," akasema, "nataka kuuliza. Ulidanganya lini? Siku ile, ama juzi?"

Gogo aliendelea kupukuchua. "Jerop amepata ya mto?"

"Si uliona."

"Macho yangu haifiki huko. Amepata?"

"Amepata."

"Basi nilidanganya juzi."

Kimaiyo alikaa chini, juu ya udongo, na koti lake la harusini.  "Na kama singempa?"

"Basi ningekuwa nimedanganya siku ile."

"Gogo," Chepkemoi akasema, "mwalimu hawezi kukubali hiyo jibu."

"Mwambie akuje aniulize mwenyewe."

Chepkemoi alimtazama baba yake, kalamu imesimama juu ya karatasi. Kimaiyo akaigusa karatasi. "Andika tu vile amesema. Jumatatu utampelekea."

Upepo ukainua vumbi la mahindi kutoka kwenye gunia, likampanda puani. Alijaribu kuzuia, akashindwa, akapiga chafya kubwa iliyowashtua kuku. Linah akatoka jikoni. Jerop, aliyekuwa anapita na ndoo, akasimama. 

"Nani huyo?" akauliza Gogo, bila kuinua uso.

"Ni mimi, mama," akasema Kimaiyo.